Picha Zilizo Mlangoni Kwetu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi siku ya mkutano wa mwaka wa Chama)

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze kwa nusu saa juu ya matumizi mema ya wakati wa mapumziko. Mimi ni mtumishi wa Serikali. Nimezoea kupewa jambo pana na kutakiwa nilipunguze mpaka lienee katika karatasi moja. Kwa hiyo nimelipunguza. Nitazungumza juu ya upigaji picha, na hasa juu ya swali moja tu: mtu anayetaka kupiga picha aende wapi?

Swali hili sikulitoa hewani. Katika ajenda ya mkutano wetu wa leo mchana limo ombi la Klabu ya Picha ya wanafunzi. Vijana wanaomba Chama kiwachangie nauli, kiingilio na chakula ili waende Mikumi kupiga picha za wanyama. Ombi limeandikwa kwa Kiswahili safi, nami nimelisoma mara mbili. Sababu yao ni kwamba klabu imesimama, na imesimama kwa kuwa hapa mjini hakuna cha kupiga.

Ndugu zangu, mimi sina ugomvi na Mikumi. Tembo ni mali yetu, na kila kijana wa Tanzania anastahili kumwona angalau mara moja kabla hajamaliza shule. Ugomvi wangu ni na ile sababu. Shule yetu iko mwendo mfupi tu kutoka Kariakoo, na ukitoka Kariakoo kwa miguu, baada ya nusu saa umefika bandarini. Kijana anayeweza kutembea njia hiyo akasema hakuna cha kupiga hajakosa picha. Amekosa mazoea ya kutazama. Na mazoea hayo Mikumi hayauzwi. Atakwenda kule, atampiga tembo, na picha yake itafanana na picha ya kila mtu aliyewahi kumpiga tembo.

Kwa nini hatuoni? Nadhani ni kwa sababu tumezoea. Mgeni akiteremka stesheni, kila kitu kinamgonga macho: mizigo, rangi, kelele, maandishi ya ukutani. Sisi tunapita tukiwa na haraka ya basi. Anayepita njia moja kila siku huacha kuiona njia, akaona tu anakokwenda. Basi kazi ya kwanza ya mpiga picha wa nyumbani ni kujifanya mgeni katika mtaa wake mwenyewe. Ni kazi ngumu kuliko kupanda basi la Morogoro, lakini haina nauli.

Jina tunalolitamka bila kulisikia

Tuanze na jina lenyewe la Kariakoo. Wanafunzi wangapi hapa wanajua limetoka wapi? Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walijenga pale jengo walilokusudia liwe soko. Vita vikaja. Waingereza walipoutwaa mji huu mwezi Septemba 1916, walilitumia eneo lile kwa kikosi chao cha wapagazi, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Watu wakalitamka jina hilo kwa ndimi zao, nalo likawa Kariakoo. Vita vikaisha, soko likarudi kuwa soko, jina likabaki.

Wapagazi wale walibeba risasi, unga na majeruhi kwa miguu, kutoka mwambao hadi bara, mahali pasipo na reli wala barabara. Walikufa kwa maelfu. Wengi waliuawa na maradhi, njaa na uchovu kuliko risasi. Sasa nendeni mkaitazame Sanamu ya Askari pale Mtaa wa Samora. Iliwekwa mwaka 1927, mahali hapo hapo ambapo Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya Wissmann. Askari wa shaba ameinama mbele, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Chini yake kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Katika maandishi hayo wapagazi wametajwa pia. Lakini aliyesimamishwa juu ni mwenye bunduki. Mwenye mzigo hayupo juu.

Haya, tokeni pale mtembee mpaka Kariakoo saa moja asubuhi, Mtaa wa Kongo, Mtaa wa Mkunguni, Mtaa wa Tandamti. Mtamwona mtu amebeba marobota matatu ya nguo kichwani, shingo imenyooka, mkono mmoja umeshika kamba, na mdomo unapiga mluzi ili watu wapishe. Mtamwona mwingine anavuta mkokoteni wa lumbesa za viazi, miguu imekaza lami, mwili mzima umelala mbele kama yule askari wa shaba. Hawa ndio wapagazi wa leo, katika mtaa uliopewa jina la wapagazi wa jana. Mtu akiwapiga vizuri wote wawili, yule wa shaba na huyu wa nyama na damu, akaziweka picha hizo bega kwa bega ukutani, hatahitaji kuongeza maelezo mengi. Je, hiyo si picha? Na iko umbali gani kutoka hapa tulipokaa?

Paa lililo juu ya vichwa vyetu

Mfano wa pili ni jengo la soko lenyewe. Lilichorwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa mwanzo kabisa katika Afrika Mashariki, na likafunguliwa mwaka 1975. Wengi wetu tumeingia mle mara zisizohesabika kununua nyanya, mbegu na viungo. Wangapi walisimama wakainua macho? Juu kulikuwa na miavuli mikubwa ya zege, kila mmoja umesimama juu ya nguzo yake kama uyoga. Miavuli ile haikuwekwa kwa pambo. Iliachia hewa na mwanga upite, na ilikinga maji ya mvua yakateremka chini kuhifadhiwa. Mtaalamu kutoka nje angelipa nauli ya ndege kuja kuitazama. Sisi tulikuwa chini yake tukibishana bei ya vitunguu.

Usiku wa Jumamosi tarehe 10 Julai 2021 soko lile liliungua. Kazi ya kulikarabati na kulijenga upya ilifuata, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini nataka niwaambie nilichokisikia siku zile baada ya moto. Watu walikuwa wakiulizana nani ana picha ya ndani ya soko kama lilivyokuwa: meza, ngazi za kushukia shimoni, matenga, mizani, wazee wa viungo. Picha za moto zilikuwa tele. Kila simu ilikuwa nazo. Picha za soko zilikuwa chache. Kwa miaka 46 tulikuwa na soko, na kwa usiku mmoja tulikuwa na moto, lakini mashine zetu zilishughulika zaidi na ule usiku mmoja.

Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka pale pale Kariakoo, na ndugu zetu wakapoteza maisha. Siku hiyo nayo simu zilijaa. Wako waliopiga picha za watu wakiwa katika hali ambayo hakuna hata mmoja wetu angependa mama yake aonekane nayo. Nalitaja jambo hili kwa makusudi. Mpiga picha anayengoja msiba ndipo aone mtaa wake hajaufanyia mtaa wema wowote. Mtaa unastahili kutazamwa ukiwa mzima, watu wake wakiwa wanacheka, wanapunjana, wanalipana na kupikiana.

Kariakoo ya nyumba za chini inakwisha mbele ya macho yetu. Nasema zile nyumba za Kiswahili za vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma na baraza mbele. Kila mwaka zinapungua, na mahali pake panasimama ghorofa. Sisemi ghorofa ni mbaya. Watu wanataka maduka na mahali pa kuishi, na ardhi haiongezeki. Nasema tu kwamba baraza likivunjwa, pamoja nalo huondoka bao, huondoka muuza kahawa anayegonga vikombe, na huondoka mazungumzo ya baada ya alasiri. Mtoto atakayezaliwa mwaka huu atauliza baraza lilikuwa nini. Tutamwonyesha nini?

Picha nne

Naomba ruhusa nitoe mfano wa nyumbani kwangu, kwa sababu ndio ulionifanya niliwaze jambo hili kwa miaka mingi.

Marehemu mama yangu aliuza nazi na ndimu Kariakoo tangu sijazaliwa mpaka nilipomaliza Chuo Kikuu. Nazi zile ndizo zilizolipa ada yangu katika shule hii. Zile zile zilininunulia viatu na sanduku la bati. Tuna picha zake nne. Moja ni ya harusi ya dada yangu. Tatu zilipigwa studio: amevaa vizuri, amekaa kwenye kiti kisicho chake, na nyuma yake pana pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hakuwahi kuyaona. Ni picha nzuri na tunazipenda. Lakini hakuna hata moja inayomwonyesha akiwa na panga mkononi, akigonga nazi kwa mgongo wa panga na kuisikiliza kama ni nzima au imeharibika. Hakuna inayoonyesha meza yake. Hakuna inayoonyesha kilichotulisha.

Halaumiwi mtu kwa hilo. Wakati ule filamu ilikuwa ghali, ilikuwa na picha 36, na zote zilikuwa na wenyewe kabla hazijapigwa: harusi, maulidi, ubatizo, mahafali. Nani angetumia picha moja kwa meza ya nazi? Lakini leo gharama hiyo imeondoka. Simu ya kawaida inapiga picha elfu bila kudai senti moja ya filamu. Pamoja na hayo, tazameni tunapiga nini: nyuso zetu wenyewe, sahani ya chipsi, na harusi ile ile. Umaskini wa filamu umekwisha, mazoea ya filamu yamebaki.

Wapo kati yenu wanafunzi ambao mama zao wanauza samaki Feri, baba zao ni makuli, mafundi cherehani, makondakta, madalali. Nawauliza: mnayo picha ya mzazi wako akiwa kazini? Kama hamna, basi klabu yenu ina kazi ya mwaka mzima, na Mikumi inaweza kungoja.

Waliopiga nyumbani

Msidhani haya ni mawazo yangu peke yangu. Kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi hapa Dar es Salaam alianza na kamera ya mtumba aina ya Box Brownie, ambayo ni kisanduku tu chenye tundu na lenzi. Alipiga kilichokuwa karibu naye. Mwaka 1963, umri wake ukiwa hauzidi miaka 20, akaanzisha hapa hapa mjini kampuni yake ya picha, Camerapix. Jina lake Mohamed Amin. Baadaye alihamia Nairobi, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliuamsha ulimwengu mzima ukatoa msaada. Mwaka 1991 alipoteza mkono mmoja katika mlipuko mjini Addis Ababa, akarudi kazini. Alifariki mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa nyara ikaanguka baharini karibu na Komoro. Wengi wanaujua mwisho wa habari yake. Mimi nataka vijana waukumbuke mwanzo wake: mwanafunzi, kamera ya mtumba, na mji huu huu.

Vuka bahari uende Unguja. Ranchhod Oza alifungua studio yake Mji Mkongwe mwaka 1930, ikaitwa Capital Art Studio, na mwanawe akaiendeleza. Waliishi kwa kupiga picha za watu wa mjini kwao. Leo mtu akitaka kuiona Zanzibar ya kabla ya Mapinduzi ya 1964, mitaa yake na watu wake, picha zao ni mahali mojawapo anapolazimika kupita.

Na mbali zaidi, mjini Prague, alikuwapo Josef Sudek. Yeye naye alikuwa na mkono mmoja. Wa pili aliupoteza vitani. Mwaka 1940, nchi yake ikiwa chini ya Wajerumani, alianza kupiga picha za dirisha la studio yake. Alilipiga dirisha hilo likiwa na umande, likiwa na mvua, likiwa na barafu, pamoja na mti mmoja uliopinda uani. Aliendelea hivyo kwa miaka 14. Dirisha moja, miaka 14! Nasi tuna Kariakoo nzima, halafu tunasema hakuna cha kupiga.

Njia ya kufanya kazi

Sasa niseme mambo machache ya kazi yenyewe, kwa sababu hotuba isiyoacha kazi ni kelele tu.

Najua simu haziruhusiwi shuleni, nami sikuja kuwafundisha kuvunja sheria ya shule. Kazi hii inaweza kuanza bila kamera. Chukua karatasi ngumu, ya boksi la viatu kwa mfano, ukate katikati kidirisha kidogo cha mstatili. Funga jicho moja, tazama kwa kidirisha hicho. Kisogeze mbali na uso, kirudishe karibu. Utashangaa jinsi ukuta mchakavu unavyogeuka kuwa kitu baada ya kuutenga na vitu vingine. Mwezi mmoja wa kidirisha cha karatasi unafundisha zaidi ya mwezi mmoja wa kubonyeza ovyo.

La pili, hesabu hatua 500 kutoka mlangoni kwenu kila upande, na wakati wa likizo usitoke nje ya mpaka huo. Mtu aliyefungiwa ndani ya mpaka hulazimika kutazama. Siku ya kwanza ataona nyumba na watu. Siku ya tano ataanza kuona maandishi: onyo la ukutani lililoandikwa kwa mkaa, jina la mkokoteni, msemo wa khanga iliyoanikwa. Siku ya kumi ataanza kuona mikono. Mikono ya fundi cherehani ni somo zima, na ya mpara samaki ni somo jingine.

La tatu ni jua. Mji wetu uko karibu na mstari wa Ikweta, kwa hiyo jua la mchana linasimama utosini na kuzitia nyuso zote giza machoni. Piga kabla ya saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi alasiri, mwanga unapokuja kwa ubavu na kuonyesha umbo la kila kitu. Lakini hata jua la utosini lina zawadi yake. Mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo wa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua linapita juu kabisa ya Dar es Salaam, na muda mfupi baada ya saa sita mchana nguzo iliyonyooka haina kivuli. Nendeni siku hiyo penye Mnara wa Saa, uliojengwa mwaka 1961 mji wetu ulipopewa hadhi ya jiji. Mpigeni mtu amesimama wima pale, kivuli chake kimeingia chini ya viatu. Mwalimu wa Jiografia atawapa maksi, na mwalimu wa Sanaa atawapa nyingine.

La nne, rudi mahali pale pale. Usiridhike na mara moja. Mtaa wa alfajiri si mtaa wa saa mbili usiku. Mtaa wa masika, wenye madimbwi yanayoonyesha maghorofa kichwa chini, si mtaa wa kiangazi.

La tano, na hili naliomba kama mtu wa masjala: andika. Jina la mtaa, tarehe, saa, nani yumo katika picha kama ameridhia kutajwa, na anafanya nini. Ofisini kwetu barua isiyo na tarehe wala namba ya jalada ni karatasi ya kufungia maandazi. Picha nayo ni hivyo hivyo. Baada ya miaka 30 hakuna atakayejua kile kibanda kilikuwa wapi, na aliyejua atakuwa amezikwa.

Heshima na sheria

Bandari yetu nayo ina picha nyingi, lakini hapo lazima niseme kwa uangalifu. Yako maeneo ambayo hayapigwi picha bila kibali: ndani ya bandari yenyewe, Ikulu, kambi za jeshi, vituo vya polisi na mengine ya namna hiyo. Mlinzi akikukataza, usibishane naye, na usimwambie kwamba afisa mmoja alikuruhusu katika hotuba. Mkitaka kuingia bandarini, Mkuu wa Shule aandike barua. Barua zinajibiwa. Mimi naishi kwa kuzijibu.

Lakini tazameni ni mangapi yaliyo nje ya geti. Mnada wa samaki Feri alfajiri, dalali akiimba bei, na wanunuzi wakijibu kwa kuinua kidole tu. Moshi wa wakaangaji. Abiria wa Kigamboni wakingoja lango la kivuko lifunguliwe, watu mia kadhaa, kila mmoja akitazama upande wake. Wale kunguru wenye shingo ya kijivu, ambao tunadhani ni wenyeji kama sisi, kumbe asili yao ni India na waliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890. Hakuna aliyewahi kuomba kibali cha kumpiga kunguru.

Kwa binadamu, omba. Kusema "Shikamoo mama, naomba nikupige picha ukiwa kazini" kunachukua nukta tano. Akikataa, mshukuru upite. Akikubali, ongea naye kwanza, nunua hata ndimu mbili, na picha ikiwa tayari mpelekee nakala. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini kabla ya sheria hiyo tulikuwa na adabu, na adabu ilitosha. Msimpige mtu akiwa katika aibu, katika ulevi, katika ugonjwa wala katika msiba. Na msimpige maskini kwa sababu tu ni maskini. Mpigeni kwa sababu ya anachokifanya. Mbeba mizigo si kielelezo cha dhiki. Ni fundi wa kazi yake, na shingo ile iliyonyooka ameifanyia mazoezi kwa miaka.

Ombi langu kwa mkutano

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa ombi, ili mkutano wa mchana uwe na jambo la kujadili.

Napendekeza ombi la vijana lisikataliwe, bali ligeuzwe mfuatano wake. Mwaka huu Chama kiwanunulie Klabu ya Picha kamera mbili za wastani, zitunzwe na mwalimu mlezi na kuandikwa katika daftari la mali. Kinunue pia kabati moja lenye kufuli na majalada ya kuhifadhia picha zilizosafishwa, kwa sababu picha zilizo ndani ya simu huzama pamoja na simu. Wanafunzi wapewe mwaka mmoja kupiga eneo lililo kati ya shule yetu, Kariakoo na Feri: kazi, nyumba, mabaraza, maandishi na watu walioridhia. Katika mkutano wa mwaka ujao picha 50 zitundikwe katika ukumbi huu, na wenye sura zao waalikwe kama wageni wa heshima. Nataka siku hiyo muuza nazi akae kiti cha mbele, karibu na Mkuu wa Shule.

Baada ya hapo wapelekwe Mikumi, na mimi mwenyewe nitachangia nauli ya wanafunzi watatu. Naamini watarudi na picha ambazo hatujaziona, kwa sababu watakwenda wakiwa wameshajifunza kutazama.

Kwa wanafunzi wa zamani wenzangu nina neno moja. Wengi wetu tuna picha za miaka yetu ya shule, ndani ya bahasha, chini ya vitanda, mvungu wenye mende. Mnaweza kuleta nakala. Kaka zetu wakubwa wanawakumbuka wapishi wa shule, kengele ya zamani, mlinzi wa geti. Kama kuna mtu ana picha ya hao, hata iliyokwaruzika, thamani yake kwa kabati hilo ni kubwa kuliko picha ya mgeni rasmi akikata utepe.

Na kwa wanafunzi: jioni hii mkirudi nyumbani, pitieni njia yenu ya kila siku, lakini mtembee polepole zaidi kidogo. Kesho asubuhi mwambieni mwalimu mlezi mliona nini.